Alama ya Chaki ya Kijani

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe gizani, ti, ti, ti, kisha kikalazwa kwenye kisahani. Blažena Šimůnková alifumbua macho, akajua ni saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Baba yake hakuwahi kuchelewa kunywa kahawa yake ya chikori, na tangu Jumatatu alikuwa akiinywa jikoni kwa bintiye, ghorofa ya tatu mtaani Žižkov, mgongo ameuegemeza kwenye jiko.

"Baba, si uwashe taa?"

"Ya nini? Kikombe nakiona."

"Utamwagia sakafu."

"Sijamwaga tangu Jumatatu. Lala, mama, bado una nusu saa."

Lakini Blažena hakuweza kulala. Ilikuwa Ijumaa, siku ya Wajerumani, na moyo ulikuwa ukimdunda kama wa msichana anayekwenda kucheza dansi ya kwanza. Aliamka, akamfunika vizuri bintiye Liduška, mwenye miaka mitano, akaenda jikoni kukata mkate.

Baba yake, Matouš Kubát, alikuwa amekufa miaka kumi na sita. Alipigwa risasi huko mashariki mwaka wa pili wa vita, akiwa na miaka ishirini na tisa, na waliompiga walikuwa jeshi lake mwenyewe. Kwa kuwa tangu hapo hakuongeza hata siku moja, sasa alimzidi bintiye kwa miaka mitatu tu. Mwenye nyumba alipomkuta ngazini Jumanne alidhani ni mume wa Blažena amerudi kutoka machimbo ya Ostrava, akamsalimia, akamkumbusha zamu ya kufagia ngazi. Matouš alizifagia.

Kurudi kwake kulitokana na orodha ya majina.

Blažena alikuwa mshonaji wa chumba cha mavazi katika studio iliyokuwa zamani ghala la kimea, na siku za mvua bado ilinuka bia. Majira hayo ya kuchipua walikuwa wakitengeneza filamu ya kijeshi yenye sauti, *Amri Kabla ya Jua*, habari ya luteni wa jeshi la Kaizari aliyempenda mke wa jenerali. Sauti zilikuwa jambo jipya, na hakuna aliyejua bado namna ya kumfanya mtu anayesema Kicheki asikike akisema Kijerumani. Kwa hiyo kila filamu ilipigwa mara tatu. Wacheki walicheza onyesho, wakatoka, Wajerumani wakaingia mahali palepale, wakacheza lilelile, kisha Wafaransa. Meza zilikuwa zilezile, farasi yuleyule, sare zilezile. Sakafuni palichorwa alama za chaki za kusimamia: nyeupe za Wacheki, njano za Wajerumani, buluu za Wafaransa. Na kwa kuwa luteni wa Kicheki alikuwa na shingo ya sentimita thelathini na tisa, wa Kijerumani arobaini na mbili, na wa Kifaransa thelathini na saba, Blažena alifumua na kushona kola ileile mara tatu kwa siku.

"Mama Lida," luteni wa Kifaransa alikuwa akimwita kwa kifupi cha jina la bintiye, kwa Kicheki chake kilichovunjika, "huyu Mjerumani anakula nini? Kola imekuwa kama ya ng'ombe."

"Anakula chakula chako, bwana. Wewe unachelewa kuamka."

Jumatatu palikuwa na onyesho la mwito wa majina, ambalo kwa wingi wa watu kila lugha ilipewa siku yake. Askari arobaini wanasimama mistari miwili uani alfajiri, sajini anasoma majina, kila mmoja anaitikia. Aliyeandika mchezo alikuwa amesahau kuandika majina. Msaidizi wa mwongozaji akazunguka studio na penseli: haraka, jina, lolote! Fundi seremala akatoa la mjomba wake. Dereva akatoa la mdai wake. Blažena, mdomo umejaa pini, akasema la baba yake.

Sajini akasoma kwa utaratibu wa jeshi, jina la ukoo kwanza. "Hrdlička Josef!" Akajibiwa. "Jánský Emil!" Akajibiwa.

"Kubát Matouš!"

"Zde!" sauti ikajibu. Hapa, yaani nipo, kwa Kicheki.

Kati ya Jánský na askari aliyefuata palikuwa pamesimama mtu mwembamba mwenye kikombe cha bati mkandani. Fundi sauti, Ctibor Pelc, akavua vipokea sauti masikioni.

"Huyo ni nani? Sindano ya kipimo cha sauti iliruka safi kabisa. Yuko mbali na maikrofoni lakini anasikika kama amelala na mimi kitanda kimoja."

"Ni baba yangu," Blažena alisema.

"Ameandikishwa?"

Hakuwa ameandikishwa. Karani wa waigizaji wa makundi akamjazia fomu na kumpa tiketi ya soseji na mkate. Kwenye sehemu ya tarehe ya kuzaliwa aliandika 1886, kwenye sehemu ya anwani akaandika "kwa bintiye". Mpiga picha alilalamika kidogo, kwa sababu kamera ilimkataa: machoni alionekana, lakini kwenye filamu pale pake palitoka pengo. Akaagizwa mtu mmoja asogee nusu hatua, na pengo likazibwa. Msaidizi akachora sakafuni alama moja ya chaki ya kijani, na toka hapo watu wakawa wanaizunguka.

"Angekuja enzi za filamu bubu," Pelc alisema, "asingefaa kitu chochote."

Blažena alielewa mara moja kwa nini alikuwa hajaja kabla. Mama yake, hadi alipofariki mwaka juzi, alimwita kila Novemba mbele ya mshumaa, lakini alimwita Matoušek, kama alivyomwita walipokuwa wachumba. Hakuna aliyekuwa amemwita jina la ukoo kwanza kwa miaka kumi na sita. Na kutoondoka kwake nako kulieleweka: onyesho lilikatwa kabla sajini hajasema tawanyikeni.

Mama mwenyewe hakuja. Hakuwahi kuwa jeshini.

Mshumaa ule wa Novemba ndio uliokuwa ukimchoma Blažena. Kijijini kwao Podolec palikuwa na jiwe la kumbukumbu la waliokufa vitani, majina thelathini na moja, la Kubát halimo. Mama aliuweka mshumaa chini ya jiwe, na kila mwaka kamati ya jiwe iliusogeza pembeni, kwenye majani, kwa sababu chini ya jiwe palikuwa pa wenye majina. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu Hnilica, hakuwa mtu mbaya. Alijibu kila barua. Katika karatasi za jeshi, aliandika, marehemu ametajwa kuwa hakuwepo mahali pake alipoitwa. Nileteeni karatasi yoyote yenye muhuri inayosema alikuwepo, nami nitamwita mchongaji. Mchongaji angekuja Pentekoste, kuziba nyufa na kuongeza majina ya mwisho. Baada ya hapo jiwe lingefungwa kwa rangi ya kinga na halingeguswa tena.

Blažena alikuwa na miaka kumi baba yake alipokufa. Alijua kisa kutoka kwa jirani aliyekuwa kwenye mstari uleule. Jeshi la Kaizari lilikuwa na watu wa lugha kumi na moja, na lugha moja ya amri, Kijerumani. Ukiitwa ulitakiwa kujibu "Hier", yaani hapa kwa lugha hiyo. Kubát alijibu "Zde". Siku ya kwanza alifungwa kwenye mti kwa saa mbili. Siku ya pili, kwa saa nne. Siku ya tatu palikuwa na luteni mgeni, mchanga, hajalala siku tatu, na mizinga ya Warusi ikisikika. Karani akaandika kwamba Kubát aliitwa na hapakuwa na jibu.

Jumatatu ileile, jioni, Blažena alipanda ngazi kwenda kwa meneja wa studio, Bwana Nechvíle, bado ana subana kidoleni.

"Meneja, baba yangu amejibu. Jibu liko kwenye filamu. Nataka karatasi yenye muhuri kwamba aliitwa, akajibu."

Nechvíle alikuwa mtu mnene wa kusisimka upesi, na alikuwa ameipenda sauti ile. "Mama Lida! Karatasi moja? Nitakupa kwa lugha tatu! Ngoja tu tumalize matoleo yote. Jumanne Wafaransa, Ijumaa Wajerumani, Jumamosi nakugongea muhuri."

Wafaransa hawakuleta taabu. Matouš alijibu "Zde" katikati ya watu waliojibu "Présent", na mwongozaji wao akadhani mtu amepiga chafya, akaiacha kwa ajili ya uhai wa onyesho. Lakini Alhamisi jioni Nechvíle alimwita Blažena akamwambia jambo lenyewe. Berlin peke yake ina majumba ya sinema kushinda nchi nzima hapa. Watu wa Berlin wamesikiliza. Hawataki neno lisiloeleweka.

"Atajibu 'Hier', basi. Silabi moja. Wewe mwenyewe unajua Kijerumani."

Alikijua, cha darasa la jioni, Jumanne na Alhamisi, miaka miwili sasa, Liduška akiwa amelala kwenye benchi la nyuma na koti la mama yake. Na akili yake ilikuwa imeshakimbia mbele: karatasi, muhuri, mchongaji, Pentekoste, mshumaa chini ya jiwe. Silabi moja.

Kwa hiyo alfajiri hiyo ya Ijumaa alimwekea baba yake mkate wenye jamu ya plamu, akakaa mbele yake.

"Baba, leo watakuomba ujibu kwa Kijerumani."

Matouš alipulizia kahawa, ingawa haikuwa ya moto. "Nilishaombwa hivyo."

"Ni mchezo tu, Baba. Hakuna atakayepigwa risasi. Luteni ni yule mwenye shingo nene, anaogopa hata farasi."

"Nimemwona. Mtu mzuri. Amenipa sigara."

"Basi mpe neno moja. Ukijibu, nakupatia jiwe."

Matouš alitafuna polepole. "Mimi nilijifunza maneno yao themanini, mama. Mbele. Nyuma. Lala chini. Piga. Yote niliyatii, na upesi kuliko wengi. Zile zilikuwa amri, na amri ni zao, wanitume wanakotaka. Lakini wakiniuliza niko wapi..." Akachukua kipande kingine. "Nilipo ni pangu."

"Na jiwe?"

"Jiwe ni zuri. Ni la chokaa?"

"La matale."

"Eh! Wametumia pesa."

Liduška aliamka, akaja na nywele timutimu, akakalia goti la babu yake. Goti lilikuwa baridi kama bomba la mvua, lakini alishalizoea. "Babu, leo unacheza?"

"Leo nacheza."

"Na mimi nije?"

Alikuja, maana jirani anayemlea alikuwa na mafua.

Saa nne asubuhi uwanja wa askari ulikuwa tayari. Sajini wa Kijerumani, Bwana Waldau, mtu mrefu wa Berlin mwenye masharubu ya kubandika, alikwenda mwenyewe kwenye alama ya kijani kumsalimia Matouš kwa mkono.

"Bibie mshonaji, mwambie nasikitika kupiga kelele. Ni kazi."

Blažena akatafsiri. Matouš akasema, "Mwambie masharubu yanaanguka upande wa kushoto." Blažena akatafsiri, Waldau akayabana kwa kidole, akashukuru.

Taa zikawaka. Kimya. Kibao cha kuanzia kikagongwa.

"Hrdlička Josef!" "Hier!" "Jánský Emil!" "Hier!"

"Kubát Matouš!"

"Zde!"

"Kata!" Mwongozaji alikuwa mpole. "Tena, tafadhali."

Mara ya pili, "Zde". Mara ya tatu, "Zde". Mara ya nne Waldau alijaribu kumsaidia, akamnong'oneza "Hier, Hier" kabla ya kumwita, kama mtu anayemfundisha mtoto wa jirani. Matouš aliinamisha kichwa kwa shukrani. "Zde!" Juu kwenye ngazi za taa maseremala walianza kuhesabu. Mara ya sita mmoja wao akapaza sauti, "Sita bila!" na studio nzima ikacheka, hata Wajerumani walipotafsiriwa.

Blažena alikuwa amesimama pembeni na sindano, Liduška ameshika sketi yake. Mwanzoni midomo yake ilikuwa ikisema Hier, Hier, Hier, bila sauti, kama anayesali. Hakujua ni mara ya ngapi ilipoacha. Labda ya nane. Ya tisa alijikuta amekunja ngumi, shingo imemtoka mishipa, na alichokuwa akikiomba sasa kilikuwa kinyume kabisa. Usikubali, Baba. Usithubutu! Jiwe lilikuwa likienda mbali mbele ya macho yake, Pentekoste ilikuwa ikienda, na yeye alitaka kuruka kama mtu aliye kwenye mpira, timu yake ina watu kumi, dakika za mwisho.

"Kubát Matouš!" Waldau alikuwa amekauka sauti.

"Zde!"

"Kumi na mbili bila!" wakapiga kelele maseremala, kofia zikaruka, na kofia moja ikaanguka ndani ya taa, ikaungua.

Nechvíle alikuwa ameketi kwenye kreti, anajipangusa shingo. "Basi," alisema. "Pelc ana mkasi."

Pelc alifanya kazi hiyo saa ya chakula cha mchana. Sauti kwenye filamu ni ukanda mwembamba kando ya picha, wenye meno meno kama msumeno. Alitafuta meno ya neno lile, akakata mwanzo, akakata mwisho, akaunganisha kipande kisicho na kitu. Neno lilikuwa na urefu wa kidole cha mtoto.

Wakati huo Matouš alikuwa kwenye benchi la kantini, anamwonyesha mjukuu wake alikokaa farasi kabla hajahamishwa. "Alikuwa—" alisema, akanyamaza. Akafungua mdomo tena. Kila neno lingine lilikuwepo. Lile lililokatwa halikuwepo. Akatafakari kidogo, akanyoosha kidole tu, na Liduška akatazama.

Blažena alipanda hadi chumba cha kukatia filamu. Pelc alikuwa amekiweka kipande kwenye bahasha ya tumbaku.

"Nilijua utakuja, dada. Chukua. Mimi ni mtu wa sauti, sipendi kutupa iliyo nzuri."

Mambo mengine yalikwenda haraka, kama yanavyokwenda yakishaamuliwa. Meja mmoja mstaafu, mshauri wa studio wa mambo ya kijeshi, aliona matoleo yote na akasema kwamba katika jeshi la zamani watu wote walijibu "Hier", kwa hiyo onyesho la mwito litumike lile la Kijerumani katika lugha zote tatu. Hilo liliokoa pia mikanda ya filamu. Nechvíle alitimiza ahadi, maana alikuwa mtu wa ahadi. Kwa kuwa alijua Blažena si mshonaji asiyejua kusoma mkataba, alimpa karatasi asome kwanza. Aliisoma kwa Kicheki, akaisoma kwa Kijerumani.

*Inathibitishwa kwamba Kubát Matouš aliitwa. Katika sauti iliyohifadhiwa hakuna jibu.*

"Meneja, wewe ulimsikia. Mara kumi na mbili."

"Nilimsikia, Mama Lida. Nilipata hata kuumwa kichwa. Lakini muhuri siwezi kuugonga kwenye sikio langu."

Aliituma hata hivyo, akiambatanisha barua yake mwenyewe ya kurasa nne, kwa mwandiko mzuri wa darasa la jioni. Mwalimu Hnilica alijibu ndani ya wiki. Alishukuru sana. Kamati ilifurahi kupata hatimaye, kutoka chombo huru, karatasi inayolingana na zile za jeshi. Mchongaji alikuja Pentekoste, akaziba nyufa.

Blažena alilia siku moja, akiwa anaosha vyombo, kisha akamaliza vyombo. Jioni alitoa koti la Jumapili la Liduška, akafumua kola, akaweka ndani kile kipande cha filamu, akashona kwa mishono midogo isiyoonekana. Matouš alikuwa amekaa karibu na jiko akimwangalia mkono unavyokwenda.

"Umejifunza wapi kushona hivi?"

"Kwa Mama."

"Naona," alisema.

Filamu ilianza kuonyeshwa Septemba. Walikwenda sinema ya mtaani, onyesho la saa tisa mchana: Blažena kwa tiketi nzima, Liduška kwa nusu ya watoto, Matouš kwa nusu ya wanajeshi. Ukumbi ulijaa pomoni. Watu walikuwa wamebeba mikate na tufaha, na kila mtu alikuwa akimnyamazisha mwenzake ili asikie sauti. Blažena aliikalia mikono yake. Pamoja na yote, alikuwa na furaha ya ajabu. Kola zake zilikuwa kubwa kama milango, na hakuna mshono hata mmoja ulioonekana.

Luteni akampenda mke wa jenerali. Farasi akapita. Kisha uwanja, alfajiri, mistari miwili, na mahali fulani kati ya wa pili na wa nne askari aliyesogea nusu hatua.

"Hrdlička Josef!"

"Hier!"

"Jánský Emil!"

"Hier!"

"Kubát Matouš!"

Spika zikatoa kimya. Hakikuwa kirefu, urefu wa kidole. Kitini Matouš alikuwa amesimama, mikono imenyooka kwenye mishono ya suruali, mdomo wazi, na mama mmoja nyuma yake akamwomba akae. Liduška akageuza shingo ndani ya kola ya koti lake, akamtazama babu yake, akautazama ukuta mweupe wenye askari.

"Babu yupo hapa," alisema kwa sauti.